Rubugo Iliyokwenda Chuoni

Kituntu, Karagwe
14 Oktoba 1986

Joviana mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na tungekuwa na jambo ningeanza nalo, unanijua shangazi yako. Bibi yako Kyarisiima anakula, analala, anagomba. Meno yamebaki matatu lakini mdomo umebaki wote. Anauliza kama huko pwani mnapata ndizi za kupika au mnashindia samaki tu. Mvua imeanza vizuri, maharage yametoka. Ng'ombe wa Karekezi amezaa pacha, na Karekezi amepita nyumba kwa nyumba kutangaza utadhani amezaa yeye.

Haya, sasa kilichonifanya nishike kalamu, na kile kisomo changu cha watu wazima unakijua, usicheke mwandiko. Watu wananiuliza, "Pulkeria, mtoto wa kaka yako anasoma nini?" Mimi nikasema anasoma nguo. Mawe, mama yangu! Bora ningenyamaza. Siku ya soko Kayanga nimemkuta fundi Fidele na cherehani yake barazani, akaniambia mbele za watu, "Nguo? Miaka mitatu? Mimi nilijifunza miezi miwili, na mmoja nilikuwa naumwa malaria." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilipofika njiani nikaacha.

Baba yako akiulizwa anajibu, "Yuko masomoni," halafu anakohoa mpaka muulizaji aondoke. Unajua alivyotaka uwe nesi hospitali ya Nyakahanga. Na jirani yetu Costansia ameniletea kipimo cha kiuno chake, amekipima kwa kamba ya mgomba, ati umshonee gauni la Noeli. Kamba ninayo hapa. Ni ndefu, siongezi neno.

Kwa hiyo niandikie unasoma nini hasa, nipate cha kuwajibu. Na ukihitaji kitu cha huku nyumbani uniambie mimi, baba yako muache akohoe.

Ni mimi shangazi yako,
Pulkeria


Chuoni, Pwani
16 Novemba 1986

Shangazi, shikamoo,

Na Bibi mpe shikamoo yake peke yake, asije akasema nimemchanganya na watu. Mimi mzima. Ndizi zipo ila wanazipika na nazi. Mwambie Bibi taratibu, akiwa amekaa.

Barua yako imenichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani akataka nimsomee. Sasa mjibu Fidele hivi. Huku hatusomi kushona, ingawa kushona tunashona. Tunasoma maleba, yaani nguo za watu wanaocheza michezo ya jukwaani. Mwalimu wetu anasema mtu akitokea jukwaani, kabla hajafungua mdomo nguo iwe imeshamsema nusu. Wiki ya kwanza alitugawia kila mmoja shati jeupe jipya, akasema, "Ijumaa nataka liwe shati la mtu aliyefukuzwa kazi mwaka jana." Nililisugua kwa jiwe, nikalichovya kwenye chai, nikang'oa kifungo kimoja na kukirudisha kwa uzi wa rangi nyingine. Nikapata alama nzuri. Muulize Fidele kama aliwahi kulipwa kwa kuharibu shati.

Sasa Shangazi, shida yangu. Mtihani wetu ni mwezi wa tatu. Utachezwa mchezo wa zamani za wafalme, na mimi nimepewa kumvalisha mzee mmoja, mjane, ambaye mwisho wa mchezo anafariki. Nikamwambia mwalimu kwetu wazee walivaa rubugo, nguo ya gome la mti lililopondwa mpaka likawa laini. Hajawahi kuishika hata kwa mkono. Anasema nikiipata ya kweli itakuwa kazi ya pekee darasani. Wa mwaka wa kwanza wakishindwa mtihani huu wanarudishwa makwao, na unajua mimi nikirudi Baba ataacha kukohoa, ataanza kusema.

Muulize Bibi kama kuna mtu ana rubugo ya kuuza au kutoa, hata iliyochoka.

Wako,
Joviana


Kituntu
3 Januari 1987

Joviana mama,

Heri ya mwaka mpya. Noeli tumekula vizuri, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye shamba la kahawa. Costansia alivaa gauni aliloshonewa na Fidele, akainama kuchukua mtoto, mshono ukaachia wote. Fidele hakuonekana Kayanga siku nne.

Rubugo nimepata. Nimempa shemeji Celestin, yule dereva wa lori la maharage, pamoja na senene niliokukaangia, miguu na mabawa nimeng'oa. Nimesahau kutia barua ndani maana lori lilikuwa linanguruma na Celestin anapiga honi kama vile nyumba inaungua. Ndiyo naiandika sasa, ifuate kwa posta.

Usiulize nimeitoa wapi. Ni ya kuazima. Sikiliza vizuri, Joviana, usiipige mkasi. Hata kidogo. Mfungie huyo mjane wako begani jinsi ilivyo, ndivyo walivyovaa, halafu ikunje uirudishe nzima kabla ya Pasaka.

Bibi hajambo. Hilo la ndizi na nazi nimemwambia, amefanya ishara ya msalaba.

Shangazi yako,
Pulkeria


Chuoni
15 Januari 1987

Shangazi wangu, shikamoo sana,

Celestin amefika! Ndani sikukuta barua, nadhani iko njiani, lakini siwezi kuingoja nisikushukuru. Wenzangu waliwakimbia senene, halafu mmoja akaonja, halafu sikubakiwa na kitu.

Na rubugo! Nilipoifungua ilitoa harufu ya moshi wa jiko letu, machozi yakanitoka bila kuyaita. Mwalimu aliita darasa zima waje kuipapasa. Akasema lakini mjane atainama, atapanda ngazi, ataanguka, kwa hiyo nguo ya kufunga tu itamvuka mbele za watu. Nikaiwaza siku mbili, nikachora, nikafuta. Jumanne nikaipiga mkasi, vipande vitano: kifua, mgongo, sketi pande mbili, na kimoja cha begani. Sasa imekaa mwilini mwa yule msichana anayecheza mjane utadhani alizaliwa nayo.

Mshukuru aliyekupa. Mwambie sijatupa hata uchafu wake, makombo yote nimeyafunga kwenye karatasi.

Joviana wako mwenye furaha


Kituntu
22 Februari 1987

Joviana,

Salamu leo fupi. Barua yako nimeisomea njiani nikitoka Kayanga. Nilipofika kwenye mkasi nikakaa chini, na palipokuwa chini palikuwa na tope. Inaonekana yangu ya posta ilikuwa haijakufikia wakati ule. Nilikuambia humo usiikate. Sikukuambia sababu. Nakuambia sasa.

Rubugo ile ni ya Bibi yako. Ni ile aliyoachiwa na mama yake, ile aliyotutajia sisi watoto wake miaka yote: "Siku yangu ikifika, shuka la kanisa liwe juu, rubugo iwe ndani." Nimeitoa kwenye sanduku lake la chini ya kitanda. Sikumwomba kwa sababu najua angekataa, na mimi nilikuwa nimekwisha kukuahidi, na nilitaka Fidele anyamaze. Nilifikiri, yeye huitoa mara moja tu kwa mwaka, kiangazi cha mwezi wa saba, kuitia moshi wadudu wasiile. Kabla ya hapo itakuwa imerudi. Ili sanduku lisiwe tupu akipapasa, nikakunja gunia la kahawa, nikalifunga kwenye kanga ileile aliyoifungia rubugo. Macho yake unajua hayaoni vizuri.

Basi mwezi huu mzee Yustasi wa kilimani amefariki. Bibi katoka mazikoni moja kwa moja hadi kwenye sanduku, anataka kuiona yake. Nikasikia akifungua kifuniko. Halafu nikasikia ananusa. Halafu, "Pulkeria! Njoo! Rubugo yangu imegeuka gunia!"

Wangu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Watu wakajaa. Mmoja akasema ni wachawi, mwingine akasema ni dhambi za ukoo, na baba yako kwa mara ya kwanza hakukohoa, alitazama tu. Katekista Anastazi akaja na maji ya baraka, akasali juu ya gunia. Na mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Toka siku hiyo Bibi hali. Anasema, "Siwezi kuzikwa kama kahawa ya ushirika." Uji anapokea vijiko viwili, vitatu, tena kwa kubembelezwa. Tumembeba kwa machela mpaka Nyakahanga. Manesi wamemlaza na kumpima, wanasema hana ugonjwa, amekata tamaa tu, lakini mwili wa umri ule usipokula hauna muda mrefu. Anasema mtu akinyang'anywa nguo yake ya mwisho ni kwamba ameitwa, basi aende.

Mama yangu anakufa kwa ajili ya gunia, Joviana, na gunia nimeliweka mimi. Irudishe. Vyovyote ilivyo.

Pulkeria


Chuoni
12 Machi 1987

Shangazi, shikamoo,

Barua zako mbili nimepewa siku moja, ile ya Januari na hii. Sijui ile ilizunguka wapi.

Sina habari za kukupa leo. Mtihani ni tarehe ishirini. Kanuni ya hapa ni kwamba maleba yote ya mtihani yanabaki ghalani kwa chuo. Usiniulize nitafanya nini, maana hata mimi sijajiuliza mpaka mwisho. Itarudi.

Nakuomba kitu kimoja kwa heshima zote. Mwambie Bibi iliko. Usingoje ifike. Sasa hivi anafikiri imechukuliwa na wabaya. Akijua iko kwa mjukuu wake, hata akinikasirikia, mtu mwenye hasira anakula.

Ana hali gani? Niandikie hata mstari mmoja.

Joviana


Chuoni
26 Machi 1987
(Kwa mkono wa Celestin, ndani ya mzigo)

Shangazi, shikamoo. Msomee Bibi hii kama anaweza kusikiliza. Kama hawezi, hilo sitaki kuliandika.

Sikuifumua kabla ya mtihani. Nilikaa nayo mapajani, na wembe mkononi, nikaona nikiifumua narudi nyumbani, na nisipoifumua labda naiacha ghalani Bibi azikwe bila nguo yake. Nikamwendea mwalimu nikamweleza yote, hata gunia. Samahani Shangazi, alicheka nilipofika kwenye gunia. Halafu akaacha ghafla. Akaniuliza, "Yaani mwenyewe bado yuko hai?" Nikamwambia ndiyo. Akasogeza kiti nyuma. Akasema, "Cheza nayo usiku mmoja, watahini waione. Kesho yake asubuhi iondoe hapa. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa ghala, siwezi kufungia humo sanda ya mtu anayeisubiri."

Basi ikachezwa. Mjane alipoanguka, wenzake walimfunulia upande wa sketi wakamviringisha nao, kama nilivyowafundisha. Watu walilia. Si wanafunzi tu, hata wapishi wa chuo waliosimama mlangoni, hata mtahini mmoja alivua miwani. Nimefaulu, Shangazi.

Siku nne nimekaa kuifumua na kuiunga. Makombo niliyoyafunga kwenye karatasi yamenisaidia kuziba palipopungua. Nimetumia nyuzi za mgomba, nikafuata viraka vyake vya zamani, maana niligundua ilikuwa na viraka saba kabla yangu, vimeshonwa vizuri kuliko ninavyoweza. Mishono yangu sikuificha. Bibi akipitisha kidole atajua njia yote niliyopita.

Bibi, nisamehe. Sikujua, lakini mkasi ulikuwa wangu.

Joviana


Kituntu
12 Aprili 1987

Joviana mwanangu, mama yangu, fundi wangu,

Kaa chini. Umekaa? Yuko nyumbani. Anakula. Nimeanza na hilo usije ukaruka ukasome mwisho.

Sasa nakusimulia vizuri, maana hapa kila mtu anaisimulia vibaya. Barua yako ya kuniambia niseme ukweli niliipata mwisho wa mwezi wa tatu. Nikavaa, nikatembea mpaka Nyakahanga, njia nzima nafanya mazoezi ya maneno. Nikafika kitandani nikamsimulia habari za pacha wa Karekezi. Nikarudi. Kesho yake tena nikaenda, nikamsimulia habari za Costansia na mshono. Mdomo huu unaoujua wewe, mwanangu, ulikataa kufanya kazi moja tu.

Siku ya tatu Celestin akafika na mzigo. Nikaubeba hivyohivyo bila kuufungua. Bibi alikuwa amelala ametazama ukuta, amekuwa mdogo kama mtoto wa darasa la pili. Nikaiweka mikononi mwake. Nilidhani nitaiweka tu na kusema, "Imepatikana," basi.

Akainusa. Akasema, "Moshi wangu." Akaanza kuipapasa, mimi napumua. Kidole kikafika kwenye mshono wako. Kikasimama. Kikatembea nao juu mpaka begani, kikashuka, kikapanda tena.

"Pulkeria."

"Waitu, Mama, niko hapa."

"Hii ni yangu. Imefanywa nini?"

Hapo maneno yakatoka yote kwa pamoja kama maharage ya gunia lililopasuka. Sanduku, kanga, Celestin, mkasi, gunia, hata nilivyoitikia sala za Anastazi kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyekuwa anakoroma toka asubuhi, akaacha kukoroma ili asikie. Nikamsomea na barua yako, nikilia, mwandiko wako mzuri ila machozi yanachanganya mistari.

Nilipomaliza aliikumbatia rubugo kifuani akafumba macho. Nikasema basi, nimemuua. Halafu akauliza:

"Huyo aliyeivaa, alikuwa mzee?"

"Msichana, Mama. Alijifanya mzee."

"Akafa?"

"Akafa, kwa mchezo. Wakamviringisha nayo."

"Vizuri au ovyo ovyo?"

"Joviana ndiye aliyewafundisha."

"Na watu wakalia. Watu wa pwani. Hawanijui mimi, hawajui ukoo wangu."

"Walilia, Mama. Na mpishi. Na mwenye miwani."

"Wangapi?"

Sasa hukuandika wangapi, na mimi siwezi kumwacha mtu bila hesabu. Nikasema mia tatu.

Akageuka kutoka ukutani. Kwanza nilidhani anakohoa. Kumbe anacheka, Joviana! Meno yote matatu nje. Akasema, "Mia tatu! Yustasi alililiwa na watu kumi na wawili, na wawili kati yao walikuwa na mafua." Akacheka mpaka nesi akaja mbio. Akamshika nesi mkono akamwambia, "Binti, mimi nimeshazikwa pwani na nimeliliwa vizuri. Hiyo kazi imekwisha. Hapa kuna ndizi?"

Alikula ndizi nne. Nesi alitaka kumzuia, akamwambia nenda kawazuie wagonjwa.

Tulikaa siku tano zingine mpaka akapata nguvu. Kurudi alikataa machela. Shemeji Celestin alimpandisha mbele kwenye lori, na rubugo ameifunga begani juu ya gauni la kanisani, anawapungia watu. Tulipofika akasema haitarudi sandukuni. Imening'inia ukutani, kila anayekuja kumpa pole anaonyeshwa mishono na kusimuliwa mazishi yake. Jana watu waliomlilia walikuwa wamefika mia tano, na mimi sijasema kitu.

Baba yako alikuja, akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole kama Bibi alivyofanya. Nikangoja akohoe. Akauliza, "Ameshona huyu?" Nikasema huyu. Akasema, "Mh." Halafu leo baada ya misa nimemsikia kwa masikio yangu anamwambia Fidele, "Binti yangu anasoma maleba," na Fidele anauliza ni kitu gani, na baba yako anamweleza! Kakosea nusu, lakini kaeleza.

Mimi sikuachiwa hivihivi, usidhani. Bibi ameniamuru niende kwa Anastazi nikamwambie kwamba gunia alilolisalia ni gunia. Nimekwenda. Akaniambia basi angalau kahawa ya msimu huu itakuwa imebarikiwa.

Bibi anasema nikuandikie hivi, na ananisimamia hapa kichwani nisiongeze langu. Amekusamehe mkasi. Mimi bado anafikiria. Anasema umeshona vizuri lakini begani kushoto umepindisha, uje likizo uinyooshe mbele yake. Anasema maliza kwanza masomo yako, usikimbie kwa ajili yake. Yeye hana haraka.

Shangazi yako,
Pulkeria